Maji ya Mji na Ploti za Bondeni

Mwezi wa Januari na Februari nchi ya Trans Nzoia na Bungoma hukauka. Mahindi yamekwisha vunwa, vumbi laruka barabarani, na mabonde ambayo mwezi wa Agosti yalikuwa na mafunjo na vyura huonekana kama viwanja vizuri vya kuchezea mpira. Huo ndio msimu wa kuuza ploti. Mwenye shamba ana karo ya shule ya kulipa. Karani amekwisha pata mkopo wake katika chama cha akiba. Na dalali yu katikati yao, ana haraka kuliko wote wawili. Wanakwenda kutazama. Mnunuzi auliza, "Mzee, hapa maji hayatuami?" Naye mzee ajibu, "Maji gani, mwanangu? Si unaona mwenyewe." Mnunuzi atazama, wala haoni maji, kwa maana ni Januari.

Mwezi wa Aprili mvua yaanza, na kwa Kitale haiishi barabara mpaka Oktoba au Novemba. Msingi umekwisha jengwa, mabati yamekwisha pigiliwa, na mke na watoto wamehamia. Usiku mmoja maji yaingia chini ya mlango. Asubuhi choo cha shimo kimejaa mpaka juu, na yaliyokuwa ndani yake yanaelea kuelekea kisima cha jirani. Hapo ndipo watu huanza kuilaumu serikali ya kaunti kwa kukosa mitaro. Lawama hiyo ina haki yake, lakini si yote. Sehemu kubwa ya kosa ilifanyika siku ile ya Januari, baina ya watu wawili waungwana waliopeana mikono.

Jambo hili lawahusu wasomaji wengi kwa pande zote mbili, kwa kuwa mkulima ndiye muuzaji na karani ndiye mnunuzi. Watu hudhani mpango wa mji huchorwa ofisini na mtaalamu mwenye rula na kalamu. Kwa kweli pembeni mwa Kitale na Bungoma leo mpango wa mji huchorwa na mwenye ekari mbili tatu, siku anapoamua kuzikata na mahali anapopitisha kamba ya kupimia.

Yafaa kwanza kupiga hesabu ya mvua, nayo si ngumu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Basi mvua nzito ya alasiri moja, tuseme milimita 40, humwaga juu ya ekari moja lita 161,880, yaani zaidi ya mapipa 800 ya lita 200. Wakati ekari ile ilipokuwa na mahindi au majani, sehemu kubwa ya mapipa hayo ilizama ardhini polepole na kutokea siku nyingi baadaye katika chemchemi. Sasa ekari imekatwa ploti nane, na kila ploti ina nyumba ya mabati, ua uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, na njia ya pikipiki mbele yake. Mvua ni ile ile, lakini maji hayana pa kuzama. Yote yashuka kwa pamoja na kwa muda mfupi, nayo hufuata njia ile yaliyoifuata tangu zamani, yaani bondeni. Huko bondeni yakuta nyumba.

Kinamasi chenye mafunjo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza hupokea maji ya ghafula na kuyaachilia kidogo kidogo, kama blanketi zito lililolowa ambalo hudondoka siku nzima baada ya mvua kukatika. Pili huzuia udongo: maji yaliyokuja mbio yakiwa mekundu hupunguza mwendo kati ya mashina, matope yakatua chini. Tatu husafisha uchafu, kwa sababu mizizi ya mafunjo ina vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula takataka za binadamu na za mifugo, na mmea wenyewe hunyonya mbolea iliyomo majini. Kazi hii ya tatu ndiyo isiyofahamika na wengi. Mtu aona matope na mbu, asema, "Mahali hapa ni pa bure," kisha aleta lori la kifusi.

Mji wa Kampala ulijifunza thamani ya kitu cha bure kwa njia ya gharama. Kati ya mji ule na ghuba ya Ziwa Viktoria liko bwawa la Nakivubo, ambalo kwa miaka mingi lilipokea maji machafu ya mji na kuyachuja kabla hayajafika ziwani. Na katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndimo mji unamovuta maji ya kunywa. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria kwamba kazi hiyo ya kuchuja ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Kimarekani kila mwaka. Hakuna aliyekuwa akililipa bwawa hata senti. Hata hivyo watu waliendelea kulikata mafunjo, kulima nduma na kujenga. Maji ya ghuba yalizidi kuchafuka, na kuyasafisha kule Ggaba kukazidi kugharimu. Ikawa mwananchi wa Kampala analipia kwa dawa na mitambo kazi ambayo zamani mafunjo yaliifanya bila malipo.

Kitale na Bungoma si Kampala, wala havina ghuba. Lakini njia ya maji ni ileile. Kitale uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na maji yake hutelemka kuingia Mto Nzoia. Bungoma umetegemea Mto Kuywa, unaoshuka Elgon na kuingia Nzoia vilevile. Kwa miaka mingi kampuni moja ya maji, ile yenye jina la Nzoia, ndiyo iliyohudumia Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili. Watu walioandika jina hilo juu ya hati za malipo huenda hawakukusudia kufundisha jiografia, lakini walifundisha: miji hiyo yote ni ya bonde moja, na anachomwaga aliye juu humfikia aliye chini. Mwisho wa safari ni Budalang'i, ambako Nzoia ulivunja kingo zake mwaka 2003, mwaka 2008, na tena mwaka 2020, ukawatoa watu wengi katika nyumba zao. Haitakuwa haki kusema kwamba ploti za Kitale ndizo zilizoleta mafuriko ya Budalang'i; mlima uliokatwa miti na mashamba yasiyokingwa na matuta yana sehemu kubwa zaidi. Lakini kila bonde dogo lililojazwa kifusi ni blanketi moja lililoondolewa.

Miji hii miwili haikuzaliwa kwa namna moja, na tofauti hiyo yaeleza mengi. Kitale ulianzishwa na walowezi mwaka 1908, na reli ya tawi ikaufikia mwaka 1926. Mji ulikuwa na ardhi yake mwenyewe, ukizungukwa na mashamba makubwa ya Wazungu, nao ulipangwa kwa rangi kama miji yote ya nchi ya walowezi: penye nafasi, hewa na miti pakawa pa Wazungu, maduka yakawa ya Wahindi, na Mwafrika akapewa lokesheni. Mpango ule haukuwa wa haki, na hakuna anayeulilia. Lakini miji ya namna hiyo iliacha nyika na mabonde katikati ya sehemu zake ili kuwatenga watu, na baada ya Uhuru nafasi hizo, ambazo zingeweza kugeuzwa kuwa bustani na njia za maji za watu wote, mara nyingi ziligawiwa kama ploti. Ubaguzi ukaondoka, na nafasi ikaondoka pamoja nao.

Bungoma ulikuwa na hali nyingine. Ulikua kando ya reli ya kwenda Uganda, kisha mwaka 1956 ukawa makao makuu ya wilaya mpya ya Elgon Nyanza. Hapakuwa na uwanja mpana wa serikali unaoungoja mji. Mji uliingia katika mashamba ya watu, na mashamba ya watu yakaingia katika mji. Mpaka leo mtu aweza kutoka stendi ya Bungoma kuelekea Kanduyi au Musikoma akapita benki, kisha migomba, kisha gereji, kisha ng'ombe aliyefungwa kwa kamba. Mgeni huona ni vurugu. Lakini mji wenye migomba ndani yake una ardhi inayokunywa maji bado, na hiyo ni mali ambayo Nairobi wangeinunua kwa fedha nyingi kama ingeuzwa. Hatari ni kwamba kila urithi unapogawanywa kwa watoto wa kiume, na sasa kwa haki na wa kike pia, vipande huwa vyembamba, na kile cha bondeni hupewa yule asiye na nguvu ya kukataa. Yeye naye hukiuza kwanza.

Na mahitaji yapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta Kitale ina watu wapatao 106,000; ile ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya 162,000. Watu hao lazima walale mahali. Kwa hiyo si shauri jema kumwambia mkulima asiuze kamwe, wala kumwambia karani aendelee kupanga chumba mpaka astaafu. Shauri ni juu ya kipande gani kiuzwe na kipande gani kiachwe.

Tuitazame sasa ploti yenyewe, ile inayoitwa hamsini kwa mia. Futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Ploti hiyo hutakiwa kubeba nyumba, choo cha shimo, na mara nyingi kisima, kwa sababu mfereji wa maji haujafika. Maofisa wa afya hushauri kisima kiwe mbali na choo si chini ya mita 30. Msomaji achukue karatasi apime: hata akiweka kisima kona ya mbele na choo kona ya nyuma, umbali umetosha kwa shida sana, na nyumba iko katikati. Lakini jirani wa nyuma naye ana kisima chake, naye amekiweka kona ile ile unapokutana ukuta wako na wake. Kwa hiyo choo chako kiko mbali na kisima chako na karibu na cha jirani, naye kwako vivyo hivyo. Bondeni hali ni mbaya zaidi, kwani maji ya ardhini yako karibu na juu, na shimo la choo huyafikia kabla halijachimbwa nusu. Homa ya matumbo na kipindupindu havihitaji mlango mwingine.

Dawa yake haiko mbali na macho, iko juu ya kichwa. Paa la mita 8 kwa 10, katika nchi inayopata mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, hupokea lita 96,000. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, mwaka mzima hawafikishi lita 44,000. Hata sehemu nzuri ya maji ya paa ikipotea, yaliyobaki huwatosha. Shida ni tangi. Tangi la lita 5,000 huwafikisha watu hao siku 41, nalo si la bei ndogo, basi kwa kiangazi kizima halitoshi. Lakini kila lita inayoingia tangini ni lita isiyokwenda mbio mtaroni, na mwenye mlizamu na tangi amemsaidia jirani yake wa chini hata kama hakukusudia.

Wazee wa nchi hii hawakuhitaji kuambiwa habari za chemchemi. Mwaka 1981 ulianza mpango wa maji wa Kenya na Finland katika Mkoa wa Magharibi, na mamia ya chemchemi yalizungushiwa saruji na kuwekewa bomba. Huko Busia, jirani wa Bungoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyumba zilizotumia chemchemi zilizolindwa hivyo zilipata kuhara kwa watoto kupungua kwa kiasi cha robo. Lakini saruji hulinda mdomo wa chemchemi tu. Chemchemi hulishwa na mteremko ulio juu yake, na mteremko ukijaa vyoo vya shimo, bomba zuri litatoa maji mabaya.

Sheria zipo. Mto una ukanda wake kila upande, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kwa kadiri ya upana na mafuriko yake, na katika ukanda huo kujenga kumekatazwa. Kukata shamba kuwa ploti kwahitaji idhini ya kaunti, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 imelitaja jambo hilo waziwazi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikalitusi iondolewe kando ya mito na vinamasi kwa sababu hunywa maji mengi. Amri hiyo iliwaudhi wakulima wengi, na si bila sababu, maana miaka ya nyuma maofisa walewale wa serikali ndio waliokuwa wakiwahimiza kuipanda, hata mahali pengine kwa kusudi la kukausha mabwawa. Mkulima aliyeambiwa panda, kisha akaambiwa ng'oa, si ajabu akimsikiliza afisa wa tatu kwa sikio moja. Tena Nairobi mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, serikali iliwaondoa watu waliokaa kando ya mito, na wengi wao walikuwa wamelipa fedha halali kwa mtu aliyewaonyesha karatasi yenye muhuri. Aliyenunua ndiye aliyevunjiwa nyumba.

Yafaa pia kusema kwamba mpango mzuri huweza kutoka kwa watu wa chini. Kati ya mwaka 2001 na 2004 shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilishirikiana na Baraza la Manispaa ya Kitale, nao wakawaita wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa waeleze wenyewe mitaa yao: maji yatoka wapi, uchafu waenda wapi, njia gani haipitiki mvua ikinyesha. Kipsongo wakati ule ulijulikana kwa umaskini tu, wengi wa watu wake wakiwa Waturkana waliofukuzwa kwao na ukame na wizi wa mifugo. Lakini mama anayechota maji kila siku alijua mkondo wa maji kuliko ramani yoyote ya ofisini. Kutokana na mazungumzo hayo chemchemi zililindwa na vyoo vikajengwa. Mitaa hiyo haikugeuka kuwa pepo, na shida bado ziko. Hata hivyo kazi ilianza na swali lililo sawa.

Anayetaka kuona bonde lililoachwa lifanye kazi yake hana haja ya kusafiri mbali. Mashariki ya Kitale iko Saiwa, hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, kilomita za mraba 2.9 tu, iliyowekwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu za kutembelea juu ya matope. Imezungukwa na mashamba kila upande. Serikali ilimhifadhi mnyama, na pamoja naye ikahifadhi maji. Na katika mji wenyewe, nyuma ya Makumbusho ya Kitale, kipo kipande cha msitu wa asili kando ya kijito, ambamo watoto wa shule hutembezwa. Mwalimu angefanya vema kuwaongoza humo siku ya mvua kubwa, kisha awapeleke barabarani kulinganisha rangi ya maji.

Sasa mwenye shamba atauliza kwa haki: "Mimi nikiacha ekari nusu ya bondeni, nani atanilipa?" Jibu la kweli ni kwamba leo hakuna. Kaunti zingeweza kumpunguzia kodi ya ardhi, au kumpa idhini ya kukata ploti ndogo zaidi upande wa juu kwa sababu ameacha ule wa chini, na diwani wa wodi apaswa kuulizwa habari hiyo katika mikutano ya bajeti, mahali ambapo wakulima wengi huacha viti vitupu. Lakini ekari nusu ile si bure hata sasa. Mji wahitaji maziwa, na ng'ombe wahitaji majani. Mabingobingo yaliyopandwa pembeni mwa bonde hukatwa hata Februari, wakati majani ya juu yamekauka na bei imepanda. Nduma vilevile hutoka bondeni, na soko la asubuhi lazitafuta. Mboga pia, ila si pale ambapo maji machafu ya mji hupita wazi. Mboga zinazonyweshwa hayo humrudishia mlaji uchafu wake mwenyewe. Kingo za kijito zenyewe zapandwa mikuyu, mizambarau ya mwitu au mianzi, si mikalitusi, na miche hutiwa ardhini mvua ya Aprili ikishika.

Na karani mwenye mkopo wake asinunue kwa Januari peke yake. Arudi mwezi wa Mei, siku ya pili baada ya mvua, akiwa amevaa buti. Atazame kuta za nyumba za jirani kama zina mstari wa matope, na kwa urefu gani. Atazame majani: penye mafunjo, matete na ndago maji hayako mbali, hata kama juu pameparwa kwa jembe na kusawazishwa. Amuulize mama mzee wa boma la karibu mahali alipokuwa akichota maji alipoletwa hapo akiwa bibi arusi. Kisha aende ofisi ya upimaji ya kaunti na namba ya ploti, aone kama mpaka wake umegusa mkondo wa maji, kabla hajalipa amana.